Pete ya mbayuwayu: barua ambayo hatukuituma

Tulikuwa watoto wanne na manati tatu. Ilikuwa mwezi wa tatu, mvua imekaza juu ya Nyamitaba, na kwenye waya wa lupango ya ng'ombe mbayuwayu walikuwa wamejipanga kama nguo zilizoanikwa. Wale ndege wadogo wa mugongo mweusi unaowaka bluu, koo jekundu, mukia kama makasi. Nyumbani tunawaita intashya. Jiwe likampata mumoja. Tulipomuokota tukaona kitu kwenye muguu: pete ndogo ya chuma cheupe, imezungukwa na maandiko madogo sana na namba.

Ndege tukamusahau palepale. Sisi ni watoto wa wachimbaji, na mutoto wa muchimbaji anajua jambo moja: kitu kinachong'aa kinapelekwa kwa négociant. Tukakimbia mpaka kwake. Akaiuma kwa meno, akaiweka kwenye mizani, mizani haikutikisika. Akacheka. Eti ni aluminium tu, kama ya sufuria ya mama yenu. Akatupa bonbon mbili za kugawana watu wanne. Ile pete ikaishia kwenye shingo ya mutoto wa sanamu wa dada yetu mudogo, halafu haikuonekana tena. Namba hakuna aliyeiandika. Neno moja tu tunalikumbuka mpaka leo, juu mukubwa wetu alikuwa anajua kusoma na alilisoma kwa sauti: BRUXELLES.

Miaka ilipita kabla hatujaelewa kwamba ile ilikuwa barua, na kwamba sisi ndio tulikuwa poste.

Ndugu zetu wachimbaji mutaelewa haraka kuliko watu wengine. Mufuko wa coltan au wa cassiterite ukitoka kwenye carré inayofuata utaratibu, unafungwa etiketi yenye namba. Namba inaandikwa kwenye buku: shimo gani, siku gani, kilo ngapi. Mbele huko, mutu anayeukuta ule mufuko Goma au ng'ambo ya bahari anasoma namba na kujua ulitoka wapi. Pete ya ndege ni kazi ileile. Tofauti ni kwamba ndege anajisafirisha mwenyewe, halipi kwenye barrière yoyote, na etiketi yake huwezi kuihamisha kwenye muguu wa ndege mwingine bila kuiharibu. Ingekuwa vizuri kama zote zingekuwa hivyo.

Kazi yenyewe inafanyika hivi. Watu wanasimamisha wavu mwembamba mweusi katikati ya miti miwili, nyuzi laini hata ndege haioni asubuhi na mapema. Ndege anaingia, anaanguka kwenye mukunjo wa wavu, anabaki amelala kama kwenye mufuko. Anatolewa kwa vidole, polepole, miguu kwanza, anawekwa kwenye kifuko cha kitambaa ili atulie gizani. Kisha anafungwa pete kwa koleo maalumu. Pete inazunguka muguu bila kubana, na uzito wake ni sehemu ndogo ya gramu. Wanapima bawa kwa rula, wanamupima ndege kwenye mizani, halafu wanafanya kitu ambacho ukiona mara ya kwanza unaweza kucheka: wanapuliza tumbo lake kwa mudomo. Manyoya yanafunguka, ngozi inaonekana, na chini ya ngozi kama kuna mafuta utayaona ya njano. Ndege mwenye mafuta mengi yuko karibu kuondoka. Wa kukauka, aidha amefika sasa hivi, aidha haondoki leo. Yote yanaandikwa, mukono unafunguliwa, ndege anaenda. Haichukui dakika nyingi.

Yale mafuta ndiyo essence ya safari. Mbayuwayu muzima ana uzito wa gramu 18 mpaka 20 hivi. Ukimuweka kwenye kiganja huhisi kitu. Kuko wengine wadogo zaidi, wanaokaa kwenye matete ya maji, ambao kwa kawaida ni gramu kumi, lakini kabla ya kuvuka Sahara wanakula mpaka wanafika karibu gramu ishirini. Ndio kusema mutu wa kilo 60 afike 120 kwa majuma machache, halafu aanze kukimbia. Na Sahara ni kilomita karibu 1,800 kutoka majani ya kusini mpaka majani ya kaskazini.

Wazungu wenyewe zamani hawakujua mbayuwayu wao wanaenda wapi. Wataalamu wao wakubwa, hata Linnaeus aliyepanga majina ya wanyama wote, waliamini kwamba wakati wa baridi wanajificha chini ya maji ya maziwa, ndani ya matope. Jibu moja lilifika kwa njia mbaya. Mwaka 1822, kijijini karibu na Klütz kule Ujerumani, walimupiga korongo mweupe, na walipomuangalia wakakuta shingo yake imechomwa na mukuki wa mbao, urefu karibu sentimita 80, na mukuki ulikuwa wa Afrika. Yule ndege alichomwa na mutu wa huku, akaruka nao mpaka Ulaya. Bado wamemuhifadhi, na mukuki wake, kwenye chuo kikuu cha Rostock. Kila mara tukiwaza habari hiyo tunajiuliza juu ya yule muwindaji: alirudi nyumbani bila nyama na bila mukuki, na hakujua kwamba ametuma habari Ulaya.

Pete zilianza baadaye. Mwalimu mumoja wa shule huko Viborg, Denmark, Hans Christian Mortensen, mwaka 1899 alifunga pete za aluminium zenye namba kwenye miguu ya ndege aina ya kwezi zaidi ya 150. Wengine wakamufuata. Wabelgiji walianza 1927, kwenye makumbusho yao ya sayansi ya Bruxelles, na ndiyo maana jina la ule muji lilikuwa kwenye muguu wa mbayuwayu wetu.

Habari inayotuuma, tuseme ukweli, ni hii ya Waingereza. Mwezi wa tano 1911, avocat mumoja anayeitwa John Masefield alimufunga pete mbayuwayu aliyekuwa amejenga kwenye nyumba yake huko Cheadle, katikati ya Uingereza. Tarehe 23 mwezi wa kumi na mbili 1912, yule ndege alikamatwa ndani ya nyumba ya shamba huko Natal, Afrika ya Kusini. Mwenye shamba aliitoa pete yenye namba B830 na anwani ya London, na mutu wa muji wa karibu akakaa chini, akaandika barua. Hiyo tu. Barua moja, na Ulaya nzima ikajua kwa mara ya kwanza kwa ushahidi kwamba mbayuwayu wao wanafika mwisho wa Afrika. Alikuwa na kalamu tu. Na sisi tulikuwa na bonbon mbili.

Sasa wacha tuende Kenya kidogo, juu huko ndiko kazi hii inafanyika kwa wingi karibu na sisi. Ndani ya Tsavo West kuna hoteli inaitwa Ngulia, imejengwa kwenye ukingo wa mulima. Mwaka 1969 wenye hoteli waliweka taa kubwa ili wageni waone wanyama usiku. Mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili, ukungu ukipanda na mwezi haupo, taa zile zinang'aa ndani ya ukungu, na ndege wanaosafiri usiku kutoka kaskazini wanapotea njia, wanashuka kwenye mwanga. Wanashuka maelfu. Tangu mwaka ule, watu wanaenda Ngulia kila musimu na nyavu zao, wanashinda usiku kucha, na mpaka sasa wamefunga pete kwenye mamia ya maelfu ya ndege kutoka Ulaya na Asia. Kwenye pete kuna anwani ya makumbusho ya Nairobi. Zingine zimerudisha habari kutoka Urusi na kutoka nchi za Waarabu.

Kwenye pwani ya Kenya pia, karibu na Watamu, kuna hori la bahari linaloitwa Mida. Huko wanafunga pete ndege wa matope, wenye miguu mirefu. Mwezi wa nne ukifika, wale ndege wanabadilisha manyoya, wanakuwa wekundu, wanajaza mafuta, na kuna aina yao inayokwenda kutaga Siberia kaskazini kabisa, mahali ambapo barafu inayeyuka kwa wakati mufupi tu. Sisi hatuna bahari. Lakini ndege wa namna hiyo wanapita pia kwenye maji ya ndani, na mwenye macho anaweza kuwaona kwenye ukingo wa ziwa la Édouard, upande wa Vitshumbi, ndani ya Virunga.

Kati ya ndege wote wa Ngulia, mumoja tunamupenda kuliko wengine, ingawa sura yake haina kitu: mudogo, rangi ya majani makavu. Ufaransa wanamwita rousserolle verderolle. Ndiye anayekamatwa kwa wingi kule. Ndege huyu hana wimbo wake mwenyewe, anaiga. Miaka ya 1970, mutafiti wa Ubelgiji, Françoise Dowsett-Lemaire, alikaa akiwasikiliza huko kwao, akawa anatambua nyimbo mumoja mumoja. Alikuta kila dume anaiga aina 76 za ndege kwa wastani. Alipojumlisha madume wote aliowasikiliza, alipata aina 212: 99 za Ulaya na 113 za Afrika. Fikirini vizuri. Mama wa Ubelgiji anafungua dirisha mwezi wa sita, anasikia ndege kwenye kichaka, anasema ni ndege wa kwetu anaimba vizuri. Kumbe zaidi ya nusu ya nyimbo ambazo mabwana wale wanajua ni za Afrika. Mutoto wa ndege alizaliwa huko, akashuka huku peke yake, akasikiliza, akarudi na lugha yetu.

Na Kongo yenyewe je? Huko Ituri na Uele kuna watu walikusanya ndege tangu zamani, James Chapin wa Marekani akiwa mumoja wao, alifika 1909. Lakini habari kubwa ya miaka ya karibuni ilikuja kwa kitu kingine, si pete. Mwaka 2011, shirika la Uingereza linaloitwa BTO liliwafunga mugongoni madume watano wa coucou vifaa vidogo vya gramu tano, vinavyokula jua na kuongea na satelaiti. Coucou walikuwa wanapungua sana Uingereza, zaidi ya nusu ndani ya miaka isiyozidi 30 hivi, na hakuna aliyejua wanakaa wapi wakati wa baridi. Wote watano wakatua ndani ya misitu ya bonde la Kongo. Tulipokuwa tunapanda mihogo na kuchimba, walikuwa huku, kimya, kwenye miti yetu. Mumoja wao aliyeitwa Chris alifuatwa miaka minne, kwenda na kurudi.

Kilichotoka kwenye kazi ile ni cha maana. Ndege wale wanatoka Uingereza kwa njia mbili: wengine kupitia Espania, wengine kupitia Italia. Mwaka 2016 waliandika kwamba wanaopita Espania wanakufa zaidi kabla hata ya kumaliza Sahara, ingawa njia yao ni fupi. Wakati wa kurudi, kabla ya kuvuka jangwa, wanapitia kwanza Afrika ya Magharibi ili wale washibe kwenye mvua zinazoanza huko. Kwa hiyo ndege wa kijiji kimoja cha Norfolk anahitaji muti wa Italia, muti wa Kongo na mvua ya Ghana. Kimoja kikikatika, hafiki.

Hapa tunapaswa kusema jambo ambalo halikuandikwa kwenye mabuku ya Wazungu wale, juu wao hawaishi kwetu. Kifaa mugongoni mwa ndege, na kauzi kadogo kanatoka nje kama antena: hapa Masisi, wakati huu, nani atakiona asiogope? Watu wamechoka na vitu vinavyopita angani. Mutoto akirudi nyumbani na ndege wa namna hiyo, jioni hiyo hiyo kijiji kizima kitasema ni cha kupeleleza, na mwenye kukishika anaweza kuulizwa maswali na watu ambao hawaulizi kwa upole.

Wala si sisi peke yetu. Mwaka 2013 huko Misri, upande wa Qena, muvuvi alimuona korongo mwenye kifaa, akamupeleka kwa polisi kama mupelelezi. Korongo akawekwa korokoroni. Waganga wa wanyama wakamuangalia, wakasema kifaa ni cha watafiti wa ndege. Akaachiliwa, na baada ya siku chache ikasemekana amekufa, eti ameliwa. Dunia ilicheka sana. Sisi hatukucheka sana. Mahali penye vita, woga wa muvuvi yule ni akili.

Kwa hiyo tuandike waziwazi, ili mutu akikata gazeti hili aweze kumuonyesha mwenzake. Pete ya aluminium haina umeme, haisikii, haioni, haitumi kitu, ni etiketi. Kifaa cha mugongoni kinatuma mahali ndege alipo, basi. Hakina macho wala masikio ya kusikia watu. Na vyote viwili havina bei. Ndani ya kifaa hamuna dhahabu ya kutosha hata kununua chumvi, na pete mulisikia yule négociant alivyosema.

Musimu wenyewe ndio huu. Kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa nne milima yetu ina wageni. Kwenye malisho ya Masisi, angalieni miguuni kwa ng'ombe: kuna ndege mwembamba wa tumbo la njano, anatikisa mukia bila kupumzika, anakamata nzi wanaorushwa na kwato. Huyo ni jamaa ya inyamanza wetu, yule mweupe na mweusi ambaye wazee wanakataza kabisa kumuua. Inyamanza ni wa hapa, lakini yule wa njano ametoka Ulaya au Urusi. Mwezi wa tatu dume anakuwa wa njano kali sana, na siku moja asubuhi malisho yanakuwa tupu. Wapo pia wala nyuki, wenye rangi zote, wanapita juu sana kwa makundi na sauti kama filimbi ya maji. Wenye mizinga hawawapendi, na hatuwalaumu. Na mbayuwayu kwenye waya. Ukiona wanajipanga wengi, wanaruka wote mara moja na kukaa tena, wako karibu.

Manati tumeacha zamani, lakini hatutamuhubiria mutu mwenye njaa. Huko Nigeria, mahali panaitwa Ebbaken, mbayuwayu zaidi ya milioni wanalala kwenye majani marefu ya mulima mumoja, na wanakijiji walikuwa wanawakamata kwa ulimbo kwa ajili ya chakula, maelfu na maelfu. Watafiti wa pete walipofika hawakuanza na matusi. Walikaa na wenyeji wakatafuta njia nyingine ya kupata nyama na pesa. Kwetu, mutoto akipiga ndege ni mara nyingi kwa mchezo, na kwa mchezo inawezekana kuacha. Lakini hata ndege aliyekwisha kuingia kwenye sufuria, pete yake bado inaongea.

Basi, ukikuta pete. Kama ndege ni muzima, usiikate; soma namba ukiwa umemushika kwa upole, kichwa katikati ya vidole viwili, kisha umuachilie. Kama amekufa, itoe na uitunze. Andika herufi zote na namba zote kama zilivyo, hata zile unazoona hazina maana, na jina la muji au makumbusho. Telefone yenye kamera inasaidia: piga picha kila upande, juu maandiko yanazunguka. Andika tarehe, mahali, na jinsi ulivyompata. Ukimupiga kwa jiwe sema umemupiga kwa jiwe, hakuna atakayekuja kukukamata kwa hilo. Pete nyingi za Uingereza zina anwani ya intaneti www.ring.ac juu yake, na ripoti ya nchi nyingine inaweza kupitia kwa shirika la Ulaya linaloitwa EURING. Asiye na intaneti anaweza kuipeleka kwa agent wa ICCN, au ampe mutu anayeshuka upande wa Bukavu aifikishe Lwiro, kwenye CRSN, kile kituo cha utafiti kilichoanza mwaka 1947 kwa jina la IRSAC. Mwenye kuripoti kwa kawaida anarudishiwa habari: ndege alifungwa pete wapi, siku gani, akiwa na umri gani.

Ndiyo maana dada yetu, ambaye sasa ana watoto wake, bado tunamuuliza tukikutana kama hakumbuki yule mutoto wa sanamu alitupwa wapi. Anasema nyumba ile ilichomwa, na tuache kumusumbua. Na kama namba imefutika nusu, andika hata nusu.